Tabora si mbali kwa anayetaka kusoma

Iko desturi hapa nchini ambayo tumeizoea hata hatuioni tena kuwa jambo la kujadiliwa. Mwalimu wa sekondari au mtumishi wa Serikali anapopata nafasi ya kusoma shahada ya pili, swali la kwanza analoulizwa na wenzake si atasoma nini, wala ujuzi huo atautumiaje. Huulizwa atahamia Dar es Salaam lini. Naye mwenyewe huwa amekwisha funga mizigo. Huuza kitanda, huiacha nyumba aliyoipanga kwa bei ndogo, huwapeleka watoto kwa bibi yao, kisha hupanda gari kuelekea pwani, kana kwamba elimu ya juu ni samaki wa baharini asiyeweza kuvuliwa bara.

Sina nia ya kuvibeza vyuo vya Dar es Salaam. Kazi vilizofanya zinajulikana. Ninalotaka kulisema leo ni jambo moja tu. Kwa mwanafunzi ambaye ni mtu mzima, mwenye mshahara wa kadiri na jamaa wa kuwalisha, unafuu wa mji anaokaa ni sehemu ya elimu yenyewe, kwa sababu unafuu humpa muda wa kusoma. Mji wa Tabora waweza kumpa muda huo. Lakini hautampa bure. Hapana budi njia ya vitabu na njia ya msimamizi wake ziwe wazi, na hapana budi mji wenyewe ukubali kwamba mwanafunzi huyo ni mtu wa maana kwake.

MWALIMU MMOJA

Namfahamu mwalimu mmoja wa historia ambaye habari yake yafaa kusimuliwa, si kwa kuwa ni ya ajabu, bali kwa kuwa ni ya kawaida. Alikuwa akifundisha katika sekondari moja ya Mkoa wa Tabora. Alipopata nafasi ya kusoma shahada ya pili katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, alikuwa amekwisha weka akiba kwa miaka mitatu. Alipofika alitafuta chumba. Dalali alimtembeza siku mbili, na mwisho akapata chumba kimoja huko Changanyikeni. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi. Dalali naye alitaka ujira wake, sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kabla mwalimu yule hajafungua daftari, nusu ya akiba yake ilikuwa imekwenda.

Mwaka wa kwanza, ambao ni wa masomo ya darasani, aliuvuka. Mwaka wa pili, ambao ni wa utafiti na kuandika tasnifu, ndio uliomwelemea. Kodi ilidaiwa tena. Mshahara ule ule ulikuwa ukilisha nyumba mbili, moja ya pwani na moja ya bara. Ikambidi afundishe masomo ya ziada kila jioni ili apate nauli na chakula. Aliniambia kwamba kwa muda wa miezi sita aliandika kurasa kumi na moja. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mzito wa kufahamu. Alikuwa amegeuka kuwa mfanyakazi wa jioni aliyesajiliwa kama mwanafunzi.

Mwishowe alirudi Tabora kwa aibu, akiwa na sanduku la vitabu, akawaambia jamaa kwamba amekuja likizo. Alipanga vyumba viwili mtaa wa Isevya kwa fedha ambayo, kwa maneno yake, kule alikotoka isingetosha hata mlango. Sokoni alikwenda kwa miguu. Akawa anaamka alfajiri na kuandika mpaka saa nne, kisha anakwenda kuwatafuta wazee ili awaulize habari. Maana tasnifu yake ilikuwa juu ya historia ya shule za Mkoa wa Tabora! Alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda kuiandikia mbali habari iliyokuwa nyuma ya nyumba yake. Baada ya miezi minane tasnifu ilikwisha.

Wangapi walio kama yeye hawakurudi, wala hawakumaliza? Kila mwalimu anayesoma ukurasa huu anaweza kumtaja mmoja katika shule yake: mtu aliyekwenda kusoma, akarejea na deni, na ambaye sasa hapendi kuulizwa juu ya shahada ile. Tunalihesabu jambo hilo kuwa kushindwa kwa mtu binafsi. Mara nyingi ni hesabu ya kodi na nauli.

UNAFUU NI MUDA

Watu wengi hupima unafuu wa mji kwa bei ya chumba peke yake. Kipimo hicho ni pungufu. Mwanafunzi hulipa chumba, hulipa chakula, hulipa nauli, hulipa maji na umeme, na siku hizi hulipa intaneti. Kila shilingi asiyokuwa nayo hana budi aitafute kwa saa za kazi nyingine, na kila saa ya kazi hiyo imetolewa katika saa za kusoma. Pia zipo saa zinazopotea bila malipo yo yote, yaani zile za kusimama kituoni asubuhi na kukaa katika foleni ya magari jioni. Mtu anayepoteza saa nne kwa siku barabarani amepoteza zaidi ya siku nzima ya kazi katika juma.

Kijana wa shahada ya kwanza anayo angalau Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mikopo hiyo huwalenga zaidi vijana wa daraja hilo. Mtu mzima anayesoma shahada ya pili kwa kawaida hujitegemea mwenyewe, au humtegemea mwajiri wake, au husaidiwa na jamaa. Kwake yeye suala la mahali pa kuishi si la starehe.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kikao cha Musoma cha Novemba 1974, kilichoamua kwamba vijana wamalizapo sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu ule haukudumu, na ulikuwa na kasoro zake. Lakini ulitulazimisha kuulizana swali ambalo bado halijapata jibu: Ikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima mwenye kazi na nyumba, chuo kikuu kimfuate au yeye akifuate? Mpaka leo tumejibu kwa vitendo kwamba yeye akifuate, na gharama ni juu yake.

MAHALI PA KUULIZIA

Wako watakaosema kwamba Tabora ni nafuu kwa sababu haina kitu. Hao hawajui wanapopazungumzia. Mji huu haukuota jangwani. Ulikuwa makutano ya njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na nchi ya Ugogo, iliingia Unyanyembe. Hapo njia ziligawanyika, moja ikaenda Ujiji na ziwa la Tanganyika, nyingine ikaenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, nyingine kusini na magharibi hata Katanga. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo ya kilo zipatazo 30 kila mmoja, wakaenda pwani na kurudi, na pamoja na mizigo wakabeba habari, nyimbo na lugha. Kiswahili kilifika bara kwa miguu kabla hakijafika kwa kitabu. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa na pembe za ndovu, na hilo halifai kufunikwa wala kusahauliwa.

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Kaze, ndiyo Tabora ya siku zile, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, Speke alikwenda kaskazini akaliona ziwa la Nyanza. Burton alibaki Kaze. Alifanya nini? Aliketi na mfanyabiashara mmoja Mwarabu, Snay bin Amir, na watu wengine waliozijua njia za bara, akauliza: habari za nchi, za watawala, za biashara, za lugha. Sehemu kubwa ya kitabu chake kikubwa kilichotoka mwaka 1860 ni matunda ya kuuliza huko. Maandishi ya Burton yamejaa dharau juu ya Waafrika, na hatuna sababu ya kumsifu. Lakini jambo moja alilitambua: ukitaka kuijua bara, hapa ndipo pa kukaa na kuuliza.

Walimu wanaijua vizuri sehemu ya pili ya habari hii. Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937, akaenda Makerere mwaka 1943, akarudi kufundisha katika shule ya St. Mary's papa hapa Tabora tangu mwaka 1946 hadi 1949, kisha akaenda Edinburgh, Uskochi, akapata shahada mwaka 1952. Zamani hizo mwalimu wa Tabora aliyetaka shahada hakuwa na njia ila kuvuka mpaka au bahari.

Siku hizi mambo si hayo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo katika mkoa, na mwanafunzi wake hahitaji kuhama nyumba. Tangu mwaka 2010 mji una Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, ambacho kazi yake kubwa ni kuwasomesha walimu. Kipo Chuo cha Ualimu, ipo kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma palipokuwa Chuo cha Uhazili, kipo Chuo cha Nyuki, na ipo Tumbi yenye mafunzo na utafiti wa kilimo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la chama cha TANU pale mtaa wa Lumumba. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba hicho si chuo kwa kuwa majengo ni ya kuazima.

NJIA IKIFUNGWA

Hata hivyo wahenga walisema rahisi ghali, na mtetezi mwaminifu wa Tabora hana budi kuikabili methali hiyo.

Mwaka 1871 vilizuka vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe. Njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alikwama Kwihara, karibu na Tabora, mpaka Septemba, ndipo akazunguka kwa njia ya kusini. Walipokwisha kukutana, Livingstone alikuja naye Kwihara mwezi wa Februari 1872. Stanley alipoondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi, yule mzee alibaki katika tembe akingoja wapagazi na vifaa vya kutumwa kutoka pwani. Alingoja zaidi ya miezi mitano, hata tarehe 25 Agosti, ndipo akaweza kuondoka. Chakula kilikuwapo na nyumba ilikuwapo. Kilichokosekana ni kile kilichopaswa kuja kwa njia.

Mwanafunzi anayehamia Tabora bila kujipanga atayaona hayo hayo. Atapata chumba cha bei ndogo na chakula cha kutosha, kisha atakaa miezi mitano akingoja barua ya msimamizi. Atahitaji kitabu ambacho nakala yake ipo Dar es Salaam tu. Umeme utakatika siku aliyopanga kuongea na walimu wake. Atasafiri mara mbili tatu kwenda kufuata saini moja, na nauli hizo zitakula alichookoa katika kodi. Basi mji wa mbali huwa nafuu njia ikiwa wazi, na huwa ghali njia ikifungwa.

Ni kweli pia kwamba chuo kikuu ni watu. Mwanafunzi hujifunza kwa kubishana na wenzake, kwa kusikia mhadhiri akimpinga mhadhiri mwenzake, kwa kupita katika rafu za maktaba akitafuta kitabu kimoja na kukuta kingine. Kwa ajili hiyo sishauri mtu aukimbie mwaka wa masomo ya darasani, ikiwa chuo alichochagua kiko pwani. Akae huko, ale mihogo, asome na kubishana. Ninachosema ni kwamba mwaka wa tasnifu ni mwaka wa namna nyingine. Kazi yake ni ya mezani na ya uwanjani. Kumweka mtu huyo katika chumba cha ghali ili tu awe karibu na ofisi anayoiingia mara moja kwa mwezi ni kumtoza ada ya pili isiyo na stakabadhi.

Iko taabu nyingine ambayo haisemwi. Mtu anayesomea nyumbani huhesabiwa kuwa hana kazi. Dar es Salaam mwanafunzi hudaiwa fedha. Tabora hudaiwa nafsi yake. Kuna msiba Ng'ambo, kuna kikao cha harusi Cheyo, kuna mjomba amelazwa Kitete, na kila mmoja atasema: Huyu yupo tu, anasoma. Hayo ni mambo ya utu, na asiyeyatimiza atakosa watu wa kumzika. Lakini hapana budi jamaa waelezwe waziwazi kwamba saa za asubuhi ni za kazi, kama zilivyo za daktari au za karani, na kwamba kitabu kilichofunguliwa mezani ni jembe lililoko shambani. Yule mwalimu wa Isevya aliniambia kuwa jambo lililomsaidia kuliko yote ni kwamba shangazi yake aliketi kibarazani kila asubuhi na kuwaambia wageni: Ameingia kazini, rudini saa nne.

TABORA INAPATA NINI

Baadhi ya wenyeji watauliza: Na sisi tunapata nini kwa kuletewa wasomi maskini? Swali hilo ni la haki.

Kwa miaka mingi Unyamwezi imeandikwa sana. R. G. Abrahams alitoa kitabu chake juu ya utawala wa Unyamwezi huko Cambridge mwaka 1967. Norman Bennett wa Marekani aliandika juu ya Mirambo mwaka 1971. A. C. Unomah, Mnigeria, aliandika tasnifu ya uzamivu juu ya uchumi na siasa za Unyanyembe katika karne ya 19, akaitoa katika Chuo Kikuu cha Ibadan mwaka 1972. Stephen Rockel, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Toronto, alitoa mwaka 2006 kitabu kikubwa juu ya wapagazi wa misafara. Vijana wetu hupenda kuiita Tabora kwa utani "Toronto". Sijui kama wanajua kwamba huko Toronto yenyewe amekaa mtu akiandika habari za babu zao.

Wageni hao walifanya kazi nzuri, na hatuwaonei kijicho. Lakini mwalimu wa historia wa Sikonge au Nzega anayetaka kuwasomea wanafunzi wake habari za wapagazi atazipata wapi? Vitabu hivyo ni vya ghali, vimeandikwa kwa Kiingereza, na vingi havijapata kuonekana katika rafu za shule zetu. Msomi anayekaa mjini, anayenunua nyanya katika soko moja na wazazi wa wanafunzi, hawezi kuondoka na habari zote katika sanduku. Akikaa mwaka mmoja ataombwa kuzungumza shuleni. Atasahihisha insha. Kijana wa kidato cha sita atamwona akiandika na atajua kuwa kuandika kitabu ni kazi ya watu wa kawaida.

Na mambo ya kuandikia yamejaa. Urambo kuna historia ya mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa baada ya miaka michache kwa hasara kubwa. Ulyankulu kuna makazi ya wakimbizi wa Burundi waliofika kuanzia mwaka 1972, na ambao wengi wao wamekwisha kuwa raia. Kuna misitu ya miombo, nayo nyuki huitegemea, huku tumbaku ikiimaliza kwa kuni za kukaushia. Kuna reli iliyofika mjini mwaka 1912, na vijiji vilivyozaliwa nayo. Wazee wanaojua sehemu za habari hizo wanapungua kila mwaka, na hawangoji mtu apate fedha za utafiti kutoka ng'ambo.

DODOMA ITUFUNDISHE

Ipo sababu ya kuharakisha. Dodoma nayo ilikuwa katika njia ya misafara, na watu waliizoea kuwa mji wa kupita. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhamia huko kwa vitendo. Mambo hayo yalikuwa mema kwa nchi, lakini kila aliyetafuta chumba Dodoma baada ya hapo anajua bei zilivyopanda. Unafuu wa mji haudumu wenyewe. Usipowekewa mpango, humalizwa na wale wale walioufuata.

Reli ya kisasa ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kuitoa Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini mwaka 2021. Barabara ya lami kutoka Manyoni kupitia Itigi imekwisha punguza safari, na maji ya Ziwa Viktoria yamekwisha letwa mjini. Siku Tabora itakapokuwa safari ya saa chache, wafanyabiashara hawatangoja kuitwa. Ikiwa Halmashauri haijatenga mapema viwanja vya mabweni na vyumba vya wanafunzi, tutakuja kuandika makala nyingine ya kusikitika.

LA KUFANYA

Kwa hiyo natoa mashauri yafuatayo.

Kwanza, vyuo vikuu vimtambue mwanafunzi wa mkoani kuwa mwanafunzi kamili. Msimamizi awekewe muda wa kujibu sura ya tasnifu, kama mwanafunzi anavyowekewa muda wa kuileta. Saini na fomu zipokewe kwa intaneti au katika vituo vya mikoani. Haifai mtu atoke Tabora kwenda pwani kufuata muhuri.

Pili, kila chuo kinachompa mtu ruhusa ya kufanya utafiti katika mkoa huu kidai nakala moja ya tasnifu iliyokamilika iwekwe katika maktaba ya mkoa, pamoja na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili. Gharama yake haizidi nauli ya safari moja. Baada ya miaka kumi Tabora itakuwa na rafu ambayo wageni watasafiri kuja kuisoma.

Tatu, waajiri waugawe muda wa ruhusa ya masomo. Mwalimu aliyemaliza masomo ya darasani anaweza kurudi katika kituo chake, akapewa nusu ya vipindi, akaandika tasnifu akiwa na watoto wake. Shule itafaidika, naye hatalisha nyumba mbili.

Nne, wenye nyumba wa Tabora wasiige tabia ya kudai kodi ya mwaka mzima. Kodi ya mwezi au ya miezi mitatu huleta mpangaji anayekaa na kulipa. Wengi wa wapangaji hao ni walimu wa watoto wao wenyewe.

Tano, na hili ni kwa mwanafunzi mwenyewe. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuondoka siku yo yote waliyojisikia. Walikwenda kiangazi, baada ya mavuno, na walijitahidi kurudi mashambani kabla ya mvua. Nawe kabla ya kuhama fanya hesabu kama hiyo. Kusanya vitabu na makala utakazohitaji ukiwa bado karibu na maktaba kubwa. Patana na msimamizi wako juu ya tarehe, kwa maandishi. Weka kando nauli ya safari mbili, usiiguse. Tafuta wenzako wawili watatu mjini wanaosoma, mkutane kila juma msomeane mlichoandika, kwa maana mtu peke yake huchoka. Kisha uwe na kitu cha kuupa mji: darasa la jioni, mazungumzo shuleni, saa mbili za kupanga vitabu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Yule mwalimu wa historia sasa amerudi darasani. Nilipomuuliza angemshauri nini mwenzake anayejiandaa kwenda kusoma, hakunena juu ya kodi wala nauli. Alisema kwamba jambo linalomuuma ni kuwa mzee mmoja aliyekuwa amemkusudia kumhoji alifariki katika miezi ile sita aliyokuwa pwani akiandika kurasa kumi na moja. Habari za mzee yule hazimo katika tasnifu, wala hazitakuwamo katika nyingine yo yote.